Mwenyekiti na Mfereji wa Nyuma

Sasa yupo kwa bintiye, huko Mabela, na habari zinazonifikia ni kwamba huko nako keshaanza kugonga mabomba ya watu kwa bakora yake. Nacheka. Nacheka kwa sababu yuko mbali. Alipokuwa hapa mtaani kwetu Khuwair ya Kusini, nyumba yake imegusana na yetu ukuta kwa ukuta, kicheko kilikuwa hakinijii kwa urahisi. Miaka yote ile yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba na mie katibu wake, na asiyewahi kuwa katibu wa mtu yule hajui maana ya kuchoka.

Jina analo, tena zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Mwenyekiti, hata mkewe. "Mwenyekiti, chai inapoa!" utamsikia bibi wa watu anaita dirishani, na yeye yuko juu ya paa la jirani, mkono mzima umo ndani ya tangi la maji.

Nyumba zetu ni safu moja ya ghorofa ndogo zilizoshikana ubavuni, zilizojengwa zamani, wakati mtu bado anapata pa kuweka gari hapa Khuwair. Zinashuka kidogo kidogo kutoka upande wa mlima hadi upande wa wadi, lile bonde ambalo mwaka mzima ni mawe matupu na siku ya mvua linageuka mto. Ya kwetu ndiyo ya mwisho, chini kabisa. Ya Mwenyekiti inafuatia juu yake. Nyuma ya safu nzima unapita mfereji wa saruji, wa kuchukua maji ya mlimani na kuyapeleka wadi. Rangi zinabambuka, mabomba yameoza, na geti la gari lina tabia ya kufunguka lenyewe bila ya kuguswa na kukataa kufunguka mtu akiwa na haraka zake. Kila kitu ni cha wote, na kila mtu anadhani ni cha mwenzake. Ndiyo kazi ya kamati hiyo, kuziba, kupaka, kubembeleza, kisha kuanza tena upya.

Alfajiri akishasali, Mwenyekiti hutoka kuzunguka. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, kandambili, na bakora. Anapita nyuma ya nyumba za watu anagonga bomba moja moja na kutega sikio. Sisi tumelala, tunaamshwa na ko, ko, ko. Kila nyumba aliijua kwa maradhi yake. Ile ya juu ina pumu, maana pampu yake inakoroma. Ile ya rangi ya maziwa ina baridi yabisi, ukuta wake wa chini haukauki. Mfukoni hakukosa mpira wa bomba, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, na ule utepe mweupe wa kufungia viungo vya mabomba. Hata msibani, akitia mkono kutafuta leso, hutoka mpira wa bomba, akautazama, akaurudisha, akaendelea kulia.

Na wallahi kwa mafundi alikuwa mkali. Kulikuwa na fundi mmoja wa paa, alikuja kupaka lami, akamaliza, akataka kwenda zake. Mwenyekiti akamwambia ngoja. Akapandisha ndoo za maji, akazimwaga juu ya paa, kisha akashuka chumbani, akavuta kiti, akakaa chini ya pale palipokuwa pakivuja na finjani ya kahawa mkononi. "Tone moja likianguka juu ya kofia yangu," akamwambia, "unaanza upya." Fundi kasimama mlangoni kama mwanafunzi. Tone likaanguka. Akaanza upya. Kwa simu ndio usiseme. Alipokuwa anawapigia wale watu wa pampu na kuwamwagia Kiarabu chake, mie nliyekaa pembeni nikimwonea huruma aliyeko upande wa pili.

Basi utadhani mtu wa namna hiyo majirani wanamtetemekea. Thubutu! Mbele ya jirani ulimi wote ule unakunjwa, unatiwa mfukoni pamoja na mipira ya bomba. Hapo ndipo aliponitia kichaa.

Hebu nikuhadithie mikutano yetu. Ilikuwa sebuleni kwake, daima, hakutaka kusikia pengine popote. Unaingia, unavua viatu, unakalishwa kwenye mto. Inakuja kahawa, zinakuja tende, inakuja halwa, kisha mkewe analeta mikate ya mofa ya moto, imetoka tanurini sasa hivi, imepakwa samli mpaka inang'ara. Sasa niambie, utampinga vipi mtu, umekalia mto wake, mkononi una finjani yake, na mdomoni una mkate wa mkewe? Mimi nina karatasi yangu ya ajenda. Nafungua mdomo. "Onja kwanza, mwanangu," anasema. Naonja. Tunaanza kuulizana wagonjwa, tunatoka kwa wagonjwa tunaingia kwa waliooa, tunatoka kwa waliooa tunaingia kwa waliokufa, tukija kustuka adhana ya Magharibi hiyo. Wote wanainuka. Mwenyekiti anapangusa mikono na kusema, "Basi tumekubaliana."

"Tumekubaliana nini, Mwenyekiti? Mie niandike nini?"

"Andika kwamba lipo la kuangaliwa."

Yarabi! Nimeandika hivyo mara ngapi sijui.

Na kama lipo la kumwambia mtu usoni, alikuwa na njia yake. Hakuandika barua. Siku moja nilimpelekea barua nimeshaichapa, inataka sahihi tu, ya yule bwana wa nyumba ya juu ambaye kiyoyozi chake kilikuwa kinadondosha maji njiani na watu wanateleza. Aliishika kwa ncha za vidole. "Barua?" akasema. "Mtu anakaa hapa, namsikia akikohoa, nimwandikie barua? Si atauliza nimemkosea nini?" Akavaa kofia, akenda mwenyewe. Akakaa huko mpaka mie nishakata tamaa. Aliporudi akaniambia, "Nshasema nae."

"Kasemaje?"

"Keshaelewa."

Kesho yake nikakutana na yule bwana, macho yamemwiva kwa huruma. "Maskini Mwenyekiti," akaniambia, "kumbe alikuwa na ami yake Unguja, akateleza kisimani akavunjika nyonga? Kanihadithia jana, nimesikitika sana." Na nyuma yake kiyoyozi kinadondosha, to, to, to, na yeye kavaa viatu vya mpira ili asiteleze. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango nikapiga kelele kwenye mto.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na majirani. Aliyeegesha gari mbele ya geti alipelekewa sifa za gari lake. Aliyetupa taka nje ya pipa aliulizwa kama paka wa mtaani hawamsumbui. Mwenyekiti alitoka katika kila nyumba uso umemkunjuka, anasema nshasema nae, keshaelewa, na katika nyumba ile hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ameambiwa kitu. Nikimkabili ananitazama kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. "Watu hawa ni majirani zetu, mwanangu. Ukimwambia mtu neno likamuingia vibaya, utalitoa na nini?"

Nisije nikamdhulumu. Baba yangu alipofariki, nyumba ilijaa watu toka asubuhi na hakuna aliyekumbuka maji. Mchana nikapanda juu ya paa kulia peke yangu, nikamkuta Mwenyekiti kapiga magoti mbele ya tangi letu, kanzu imeroa, kaunga bomba refu kutoka tangi lake na kaushikilia mwisho wake kwa mkono usichomoke. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Waambie jikoni wasibanie maji." Kumbe ili sisi tupate, kafunga maji ya safu nzima yaingie tangi lake peke yake, wala hakumwambia mtu, na majirani wengine walirudi mazikoni wakakosa hata ya kutawadha. Yule ndiye Mwenyekiti, huwezi kumsifu mpaka mwisho wala kumlaumu mpaka mwisho, na hilo lenyewe linachosha.

Sasa nije kwenye mfereji.

Mama yangu magoti yalimkataa, ngazi akawa haziwezi. Tukamtengenezea chumba cha chini, kile cha nyuma tulichokuwa tukilia chakula. Akakipenda mno. Ana kitanda chake, ana redio yake, ana kabati la vioo lenye vikombe alivyokuja navyo kutoka Unguja, na ana mlango wa uwanjani ambao kila apitaye nyuma lazima amwamkie. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kila asubuhi. Ko, ko, ko, kisha, "Mama hajambo?" Na Mama naye, ndani, "Hajambo, Mwenyekiti, yuhai."

Kisha ukaja munkhafadh, ndivyo tunavyoziita huku mvua zile kubwa zinazotoka baharini. Maji yalishuka mlimani yakaingia mferejini, na mfereji ukayatapika, yakaja nyuma nyuma mpaka kwetu chini, yakaingia kwa ule ule mlango wa Mama. Mimi na Rehema, dada wa Morogoro anayetusaidia kumlea Mama, tulimkalisha kwenye kiti tukambeba ngazi nzima, Rehema chini mimi juu, tunatweta. Mama kashika mikono ya kiti, macho kayafumba.

"Mnanibeba kama kabati," akasema.

Ndugu yangu Nassor akaja kutoka Barka anakokaa, akatazama zulia lililovimba na godoro lililosimamishwa ukutani. Nassor si mtu mbaya, lakini akishaogopa hugeuka mkali. Akasema, "Yakiingia tena, namhamishia kwangu. Sibishani."

"Barka nna nani mie?" Mama akauliza. Hakujibiwa. Hakurudia tena kusema, na hilo ndilo lililonitisha, maana Mama si mtu wa kunyamaza. Siku zile zile nikamsikia anamuuliza Rehema, kwa sauti ndogo, kama vikombe vya udongo vikifungwa kwa magazeti vinafika salama.

Mfereji ulikuwa unaziba, na kila mtu alijua kwa nini. Watu walikuwa wamejenga juu yake. Nyumba ya kati, ya Bi Salma, mjane mwenye sauti ya kuita watu toka barabara kuu, ilikuwa imeongeza chumba cha kufulia nyuma, na sakafu yake imekaa juu ya mfereji kabisa, chini pamebaki tundu la kupita paka. Nikapeleka jambo kwenye mkutano. Safari hii sikuonja kitu. Nikasema mbele ya wote: Mama yangu atahamishwa nyumbani kwake kwa ajili ya mfereji huu. Bi Salma mwenyewe hakuwapo, hakuwa mtu wa mikutano. Mwenyekiti akanitazama, akatazama finjani yake, akasema, "Nitasema nae."

Akenda. Na mimi mjinga nikangoja.

Siku zikapita, chumba cha kufulia kipo pale pale, mashine inazunguka. Hatimaye roho ilinipanda. Nikatoka bila hata kuvaa vizuri buibui, nikenda kumgongea Bi Salma, na alipofungua nikamwaga yote. Kwamba hana huruma. Kwamba mama yangu, mtu mzima, anabebwa kwenye kiti. Kwamba keshaambiwa na Mwenyekiti na bado anafua.

"Mimi?" Bi Salma akasema. "Nimeambiwa lini?"

"Mwenyekiti hakuja hapa?"

"Kaja! Kaja kunijulia hali. Kaisifia mashine yangu ya kufulia, kasema kubwa. Akaniuliza maji yake yanakwenda wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nyuma. Akasema, 'Aa. Nyuma.' Akanywa chai akenda zake." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ebo! Ndo alikuwa ananambia hivyo? Sasa mimi ningejuaje? Mtu mzima anakuja kunisifia mashine!"

Tukatazamana, na sijui nani alianza, lakini tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Kisha Bi Salma akajifuta macho, na wiki ile ile akavunja. Chumba kizima. Kilichokuwa kinatakiwa ni mtu wa kumwambia, basi. Nilisimama nikatazama mafundi wanatoa kifusi na nikajisemea moyoni, umeona, Mwenyekiti? Umeona lilivyo jepesi?

Bi Salma alikuwa kasimama pembeni yangu. Akanigusa begani. "Mie wangu nshafungua," akasema. "Sasa maji yatashuka mbio mpaka kwa Mwenyekiti. Na lile jiko la mkewe jee? Au lile limekaa hewani?"

Lile jiko sote tulilijua. Jiko la nje, la matofali, na ndani yake lile tanuri la mofa, limejengwa juu ya mfereji toka enzi hizo, kabla ya chumba cha Bi Salma, kabla ya yote. Limekaa nyumba moja tu juu ya kwetu. Maji yakifika pale hayana pa kwenda ila kukata kona na kuingia kwa Mama. Nikakumbuka Mwenyekiti na mizunguko yake ya asubuhi, anagonga kila bomba la kila mtu, na akifika pembe ya nyumba yake bakora inanyamaza na macho yanapanda mlimani. Na sisi, wajumbe wa kamati, miaka nenda miaka rudi tunakutana kujadili mfereji huku tunatafuna mikate iliyookwa juu yake. Nani angesema? Ungeanzia wapi, na samli bado iko kidevuni?

Simu zikaanza kulia. Munkhafadh mwengine unakuja, mwisho wa wiki. Nassor akapiga, akasema Ijumaa atakuja na gari, na kwamba chumba kwake kishapakwa rangi. Mama alisikia, akageuza uso ukutani.

Basi nikaamua nitamwambia Mwenyekiti. Wazi, bila kuzunguka. Nilifanya mazoezi jikoni, Rehema anakata vitunguu ananisikiliza.

"Dada, unarefusha," Rehema akasema. "Mwambie, 'Babu, jiko lako linamzamisha bibi.' Maneno matano, basi. Kwetu ungeshamaliza."

"Nitamwambia hivyo hivyo."

"Twende wote?"

"Kwa nini? Mie mtoto?"

Nikenda alasiri. Alinifungulia mwenyewe, akapiga hatua nyuma na mkono kifuani. "Karibu, mwanangu, karibu." Nikakaa kwenye mto. Kahawa ikaja. Mkewe akatoka huko nyuma, uso mwekundu kwa moto, na sahani ya mikate. "Kula, mwanangu, umekonda kwa kumuuguza Mama," akaniambia, akaukata mmoja kwa mkono wake akanipa kipande chenye samli nyingi.

Nikala. Nikamuuliza Mwenyekiti goti lake, akaniambia afadhali. Nikamuuliza binti yake wa Mabela. Akaniambia anataka wahamie kwake, lakini wao bado wapo wapo. Yale maneno matano yalikuwa hapa, kwenye koo, na mkate nao uko hapo hapo.

"Mikate ya leo mizuri," nikasema.

"Alhamdulillahi."

"Tanuri hili la siku nyingi?"

"La siku nyingi sana."

"Naliona kubwa."

"Kubwa," akasema.

Nikasikia sauti yangu inauliza, wallahi nimeisikia kama ya mtu mwengine, "Na mkimaliza kuosha hapo jikoni, maji yenu yanakwenda wapi?"

Mwenyekiti akainua macho. "Nyuma," akasema.

"Aa," nikasema mimi. "Nyuma."

Huko nje mkewe anachochea moto, anaimba. Kisha Mwenyekiti akaniuliza, taratibu, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza vikombe vyake vikifungwa kwa magazeti vitafika Barka salama."

Akatazama chini. Akaitikisa finjani yake kidogo, vile tunavyoitikisa kuonyesha kwamba imetosha, akaiweka sahanini. Na mie nikaitikisa yangu. Nikaaga, nikavaa viatu, nikarudi kwetu.

Rehema alikuwa mlangoni na kisu chake cha vitunguu. "Umemwambia?"

"Nshasema nae," nikasema.

"Kasemaje?"

"Keshaelewa."

Rehema ananitazama tu. Hapo ndipo nilipojisikia. Nilijisikia maneno yakitoka mdomoni mwangu, na nilikaa pale pale chini mlangoni nikajishika kichwa. Miaka yote ile namcheka, namnung'unikia, napigia kelele mito kwa ajili yake, na siku ya siku, mama yangu anataka kuondolewa nyumbani kwake, nimekwenda nimemsifia tanuri! Nikamwambia Rehema asinisemeshe. Nikampigia Nassor simu, nikaanza kumuuliza kuhusu dawa za Mama, zitapatikana vipi huko Barka.

Asubuhi hatukuamshwa na bakora. Tuliamshwa na kishindo. Kimoja, kisha kimya, kisha kingine.

"Nani anavunja?" Mama akauliza kitandani.

Nikatoka nyuma. Mwenyekiti kafunga kanzu kiunoni, miguu yake myembamba yote iko nje, kashika nyundo kubwa kwa mikono miwili na anaupiga ukuta wa jiko la mkewe. Akipiga moja anapumzika mbili. Matofali ya juu yashaanguka. Mkewe kasimama hapo, kanga begani, mkono kiunoni, anaieleza safu nzima.

"Mtu kaamka, kasali, kachukua nyundo! Hakunambia neno! Neno moja hakunambia!"

"Nilikwambia jana," Mwenyekiti akasema, anahema.

"Jana umenambia nini? Jana umeniuliza kama mikate ya dukani mibaya sana. Nikakwambia si mibaya sana. Ndo umenambia hivyo? Hasha! Ndo kuvunjiwa jiko huko?"

Bi Salma, dirishani kwake, kaziba mdomo kwa upande wa mtandio, mabega yanamtikisika. Mie nilitaka kucheka na nilitaka kulia na zaidi ya yote nilitaka kumnyang'anya ile nyundo kabla goti halijamwangusha.

"Mwenyekiti, unafanya nini?" nikamuuliza.

Akageuka, jasho linamtiririka mpaka ndevuni. "Uwanja mdogo huu," akasema. "Nataka nafasi ya kuweka kiti."

"Nikusaidie?"

"Wewe katibu. Mafundi wanakuja kutoka Hamriya."

Wakaja. Wakavunja mpaka chini, wakatoa kifusi, mfereji ukaonekana mweusi na mkavu, una miaka ya majivu ndani yake. Lile tanuri walilibeba zima zima wakaliweka mbele, karibu na mlango, na mpaka wanahama mkewe alikuwa anaokea pale, moshi wote unaingia kwenye madirisha yetu. Nililalamika kwa Mama. Mama akasema tuache, harufu nzuri.

Ijumaa mvua ikapiga. Nassor kafika mapema, kakunja suruali, kakaa kwenye ncha ya kitanda cha Mama, funguo za gari mkononi. Rehema kashika kiti. Mimi nimesimama kwenye mlango wa nyuma na matambara. Tukayasikia maji yanakuja. Kwanza mlimani, ngurumo ndefu, kisha nyuma ya nyumba za juu, kisha kwa Bi Salma, kisha hapa ubavuni kwetu, sauti kubwa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mama kamshika Nassor mkono. Yakapita. Yalipita nyuma ya ukuta moja kwa moja yakaenda wadi, na sakafu yetu kavu.

Tulikaa tukisikiliza muda mrefu. Kisha Mama akamwachia Nassor mkono. "Rehema," akasema, "mtilie chai Nassor, tena kwenye vikombe vyangu. Akishakunywa arudi kwake, watoto wanamngoja." Nassor akazitia funguo mfukoni, akaanza kuikunjua suruali.

Nikafungua mlango wa nyuma. Mwenyekiti alikuwa pale mvuani, mwavuli mkono mmoja na bakora mkono wa pili, anasukuma majani yasizibe mferejini. Kofia imelowa, imemlalia masikioni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na niliapa kwamba safari hii nitayasema kwa midomo yangu.

"Mvua kubwa, Mwenyekiti," nikasema.

"Kubwa, mwanangu." Akasukuma jani. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Yupo chumbani kwake."

"Yupo chumbani kwake," akarudia. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mgongo, akapanda taratibu kule juu, na punde nikasikia anagonga bomba la Bi Salma.